Funga gesi kwa mtungi kabla hujawasha injini: namna ya kusafiri na friji na jiko la gesi kwa gari ya kulala

Kama uko na gari ya kulala, iwe HiAce uliyotoa viti ukaweka kitanda, iwe Canter uliyopandishia boksi, au kampa kamili uliyonunua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, kuna siku utang'oa nanga na friji ikiwa bado inawaka kwa gesi na hutaona shida yoyote. Mimi niliendesha hivo karibu mwaka mzima. Friji yangu ni ile ya njia tatu, inakula gesi, inakula stima ukiwa umechomeka mahali, na inakula volti 12 za gari, na fundi aliyenifungia aliniambia niiache tu kwa gesi saa zote ju gesi ndio inagandisha poa. Kwa hilo la kugandisha alisema ukweli. Hakuniambia kwamba nyuma ya hiyo friji kuna moto.

Aliyeniambia ni kijana wa kuweka mafuta, petroli stesheni moja huko Kimende, jioni giza limeanza kuingia tukielekea Naivasha. Alikuwa ameshika nozo tayari, akasimama, akainama akachungulia kando ya gari, akasema, "Mkubwa, hapa kwa hii grili kuna kitu inawaka." Nikashuka nikaangalia. Mwali wa bluu mdogo kama ukucha, hatua mbili hivi kutoka mahali mafuta inaingilia. Nyuma kulikuwa na watoto wangu wawili na shosho yao wamelala. Huyo kijana aliirudisha nozo mahali pake polepole bila kupiga kelele, na mimi nikasukuma gari kwa mikono na mtu mwingine mpaka nje ya ile paa yao kabla sijagusa kitu kingine. Ndio maana naandika hii kwa urefu, ju siku hizi Nairobi kuna watu wengi wanajijengea magari ya kulala na kazi ya gesi inafanywa na fundi wa jikoni ambaye hajawahi kufikiria kwamba hiyo jikoni itakuwa inaenda kilomita 80 kwa saa.

Sasa jambo lenyewe. Kabla ufunguo wa injini haujageuka, gesi iwe imefungwa kwa mtungi. Sio kwa nobu ya jiko, ile unazungusha, sio kwa kitufe cha friji, kwa mtungi wenyewe. Mengine yote nitakayosema hapa ni ya kukusaidia uweze kufuata hilo bila maziwa kuharibika.

Kwa nini kwa mtungi? Kwa sababu ukizima jiko peke yake, paipu yote kutoka mtungi mpaka jikoni bado imejaa gesi inayosukuma, na kila nati na kila bana iko kazini. Nyumbani hiyo paipu imetulia, hakuna kinachoitikisa. Kwa gari inatikiswa kila sekunde. Tulipotoka kuzunguka Hell's Gate, ile murram yenye matuta madogo madogo inayotetemesha mpaka meno, nilifungua kifuniko cha nyuma ya friji nikapata nati moja imelegea karibu robo mzunguko, na niliikaza mwenyewe kabla ya safari, na paipu ya shaba mahali inapita kwa chuma ilikuwa imeanza kusuguliwa inang'aa. Safari moja tu hiyo. Kama mtungi ungekuwa wazi ningekuwa navujisha gesi ndani ya gari na madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi.

Hii gesi yetu ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa, propani karibu mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Haipandi ikapotelea juu. Inashuka kama maji, inakaa kwa sakafu, inaingia chini ya kitanda, inaingia mahali umeficha betri na inverta. Na haihitaji kuwa nyingi. Ikifika kama asilimia 2 ya hewa tayari inaweza kushika moto. Piga hesabu na mimi: ndani ya HiAce kuna nafasi ya kama lita 8,000 za hewa, asilimia 2 ya hiyo ni lita 160 za gesi, na lita 160 za gesi hazifiki hata nusu kilo. Mtungi mdogo wa kilo 6 uko na hiyo zaidi ya mara kumi. Na kwa vile gesi inajikusanya chini, pale sakafuni itafika asilimia 2 kitambo sana kabla gari yote haijafika. Cheche ya kuiwasha inatoka popote, swichi ya taa, pampu ya maji ikianza, hata rimoti ya kufunga milango.

Tunaoishi huku tuliona Embakasi kule Mradi usiku wa Februari 1, 2024, yadi ya gesi isiyo na leseni ikalipuka, watu wakafa na mamia wakaumia wakiwa kwa nyumba zao. Ile ilikuwa gesi ya lori, sawa, lakini tabia yake ni ileile iliyo kwa mtungi wako.

Alafu kuna ajali. Mtu akikugonga kando, au wewe ukimgonga wa mbele pale Mai Mahiu kwenye mteremko, paipu ikikatika na mtungi uko wazi, gesi inatoka yote, na kama friji ilikuwa inawaka basi moto uko palepale tayari unaingojea. Kama mtungi umefungwa, kinachotoka ni kile kidogo kilichobaki ndani ya paipu. Hiyo ndio tofauti kati ya gari iliyogongwa na gari iliyogongwa ikaungua na watu ndani.

Kuna watu wataniambia, lakini wazungu wanaendesha na hita inawaka, mbona wewe unatukataza. Ni kweli na nimeiona. Wasafiri wa mbali wanaoshuka Afrika na magari yao hupenda kupaki Karen, na Mjerumani mmoja alinifungulia kabati yake ya gesi nikaangalia. Huko Ulaya kuna kanuni ya UNECE, tume ya Umoja wa Mataifa ya uchumi wa Ulaya, namba 122, inayosema hita ya gesi ikitumika gari inatembea lazima kuwe na kifaa cha kufunga gesi chenyewe gari ikigonga au paipu ikikatika. Kwa hivo regulata yake, ya kampuni ya Truma, iko na sensa ndani, ikipigwa na kishindo cha ajali inafunga papo hapo, na paipu ya presha inayotoka kwa mtungi iko na kizuizi chake, gesi ikianza kutoka kwa kasi isiyo ya kawaida inajifunga. Hivo ni vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja. Regulata yetu ya kawaida ya kubonyeza haina hata kimoja. Usilinganishe.

Na hata ukiagiza hiyo ya sensa, kuna mambo mawili. Kwanza nyuzi zake haziingiani na valvu ya mitungi yetu, na nimeona fundi amechonga adapta kwa mashine ya kuchonga vyuma ili ziingiane, hiyo usikubali, sehemu ya presha ya juu sio mahali pa kubahatisha. Pili, sensa inasaidia siku ya ajali tu. Haijui umeingia petroli stesheni. Haijui nati imelegea robo mzunguko na inavuja polepole. Haijui moshi wa moto wa gesi unarudi ndani. Mimi kwa maoni yangu, kwa barabara zetu na mafundi wetu, hakuna kifaa cha kukufanya uache mtungi wazi ukiwa unaendesha.

Kuhusu petroli stesheni nataka kurudia kidogo kwa sababu ndio ilinishika mimi. Mvuke wa petroli pia ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa chini, na moto wa friji uko chini pia, kwenye ile grili ya kando. Vinakutana. Kama friji yako ni ya kisasa ya kujichagulia yenyewe kati ya stima, volti 12 na gesi, ujue kwamba nyingi zimetengenezwa zikikosa umeme wa injini zinangoja kama robo saa hivi kabla ya kujiwasha kwa gesi, na waliotengeneza walifikiria ni muda wa kutosha wa kuweka mafuta. Sasa wewe fikiria foleni ya mafuta siku ile kumekuwa na uhaba, umezima injini, umekaa dakika 20. Kama mtungi umefungwa itajaribu kuwaka ikose gesi, lakini bado inapiga cheche ya kuwashia. Kwa hivo ukifika karibu na stesheni friji izimwe kabisa, isiachwe kwa kujichagulia. Na ukienda Pwani ni vilevile kwa feri ya Likoni, ukianza kupanga foleni tu kila kitu kiwe kimezimwa, hapo mmebanwa magari kwa magari na watu wanatembea katikati.

Basi chakula kitabaki baridi namna gani. Hii ndio watu wanaogopa na haifai kuwa sababu. Friji iliyofungwa na iliyokuwa baridi kabisa inashikilia ubaridi kama masaa manne bila kuwashwa kama hakuna mtu anafungua fungua. Nairobi mpaka Naivasha ni kilomita 90 hivi, masaa mawili. Nanyuki ni 200. Hizo safari hata huhitaji kuwasha chochote. Iwashe friji kwa stima nyumbani usiku mzima kabla ya safari, weka ndani vitu ambavyo tayari ni baridi, usiweke sufuria ya supu ya moto ukitarajia muujiza, na ijaze, friji iliyojaa inakaa baridi kuliko iliyo nusu. Mimi nagandisha chupa mbili za lita mbili za maji kwa friza ya nyumbani, moja naiweka juu moja chini, na nyama naigandisha iwe jiwe. Kwa safari ya Mombasa ya kilomita karibu 480 ambayo inaweza kula siku nzima, hapo sasa ndio unatumia volti 12.

Volti 12 nayo iko na masharti. Friji ya njia tatu haina kompresa, inachemsha amonia kwa mwali mdogo wa moto au kwa waya ya joto, kwa hivo ikiwa kwa betri inakula sana, kama ampea 10 mpaka 15 bila kupumzika. Injini ikiwa inanguruma ni sawa, alternata, ile jenereta inayozungushwa na injini, inalipa. Injini ikizimwa ukasahau, betri ya ampea-saa 100 itakuwa imeshuka nusu ndani ya masaa manne au matano, na ukishuka zaidi unaiua. Fungisha rilei inayounganisha betri ya nyuma na alternata wakati injini inawaka tu, waya nene, na fyuzi karibu kabisa na betri, ju waya nyembamba kwa hiyo kazi inapata moto, na hatujakimbia moto wa gesi ili tuletewe moto wa waya.

Kama bado hujanunua friji, ushauri wangu ni uache hii ya gesi. Nunua ya kompresa ya volti 12. Inakula kama ampea 3 mpaka 5 ikiwa inazunguka na nusu ya muda imejizima, sola moja na betri nzuri inaitosha, haina moto, na haijali kama gari imelala upande. Alafu kuna hili la mwinuko ambalo huku kwetu ni muhimu sana, friji za gesi watengenezaji wenyewe wanaandika kwamba ukipita mita 1,000 kutoka usawa wa bahari zinaweza kusumbua kuwaka kwa gesi. Nairobi iko karibu mita 1,800. Limuru, Nyahururu, Timau, zote ni juu zaidi ya hapo. Kwa hivo unabeba hatari ya moto kwa ajili ya friji ambayo hata yenyewe inalalamika hewa ni nyepesi.

Sasa mtungi ukae wapi. Isiwe chini ya kiti cha abiria, isiwe chini ya kitanda umezungushiwa mablanketi. Uwe na kabati yake, iliyozibwa kabisa upande wa ndani ya gari, mlango wake ufungukie nje, na chini kabisa ya hiyo kabati kuwe na tundu la kutoa gesi nje kupitia sakafu, kama sentimita 10 kwa 10, lenye wavu wa kuzuia matope na panya lakini lisizibwe, hata wakati wa mvua, hata mtu akilalamika baridi inaingia. Hilo tundu lisitokee juu ya exosi. Usiweke ndani ya hiyo kabati kitu chochote cha umeme, wala betri, wala taa. Nimeona watu wanaweka jeki na nyaya za kuanzisha gari hapohapo ju kuna nafasi, na jeki ikirukaruka inagonga valvu.

Mtungi usimame wima na ufungwe mkanda mara mbili, chini na juu, wa kukaza na rachet, kamba ya manila inalegea. Wima sio mapambo. Ukiulaza, gesi ya maji ndani yake inafika kwa valvu na inatoka ikiwa maji, na lita moja ya maji ya gesi ikigeuka kuwa hewa inakuwa kama lita 250. Jiko litatupa moto mpaka dari. Pia ule usalama wa kupunguza presha ulioko kwa valvu umetengenezwa utoe hewa, sio maji.

Mtungi wenyewe ununue kwa duka linaloeleweka, wenye sili. Hii ya kujaziwa mtaani kwa bei ya chini inaweza kuwa imejazwa kupita kiasi, na mtungi unafaa kuachiwa nafasi, hujazwa kama asilimia 80, ndio gesi ikipata joto ipate pa kutanukia. Gari iliyofungwa kwa jua la Magadi au Baringo inakuwa tanuri, mtungi uliojaa hadi mdomo hauna pa kupumulia.

Paipu ya mpira iko na tarehe, ichapishwe kwa mpira wenyewe, ukiona haina usiinunue. Badilisha ikianza kuwa ngumu au ukiikunja ikionyesha nyufa, na usingoje zaidi ya miaka mitano. Bana ziwe za skurubu, sio waya uliozungushwa na plaisi. Mahali paipu inapita kwa chuma weka mpira wa kuzuia kusuguliwa, ile ya mduara, Kirinyaga Road utaipata kwa bei ndogo.

Asubuhi ya kuondoka mimi nafanya hivi na nimeizoea mpaka watoto wanaijua. Chai ikiiva siwahi kuzima jiko kwanza. Nafunga mtungi jiko likiwa linawaka, nangoja moto ujifie wenyewe, hiyo inachoma gesi iliyobaki kwa paipu, alafu ndio nafunga nobu za jiko. Friji naigeuza kwa volti 12 au naizima. Naenda nje nashika mtungi kwa mkono kuhakikisha umekaza na mkanda umekaza. Nafunga kabati. Alafu kuna kitambaa chekundu, nakitundika kwa usukani kila jioni nikifungua gesi, na hakitoki hapo mpaka mtungi ufungwe, kwa hivo siwezi kukaa kuendesha bila kukishika mkononi. Ni kitambaa tu cha kawaida lakini kimenirudisha nyuma mara mbili nikiwa nimeshaweka ufunguo.

Kupika gari ikitembea sitaki hata kujadili sana. Nimesikia mtu akisema anaacha githeri kwa moto mdogo ili ikifika imeiva. Sufuria ya maji ya moto kwa breki ya ghafla inamuunguza mtu, mwali ukizimwa na upepo gesi inaendelea kutoka kama jiko halina usalama wa kujizima, na anayepika amesimama bila mkanda. Githeri ipikwe nyumbani.

Ukiwa barabarani ukisikia gesi inanuka, ile harufu ya kama yai bovu au kitunguu kilichooza ambayo inawekwa makusudi ju gesi yenyewe haina harufu, usiseme tutaangalia mbele. Toka barabarani mahali salama, zima injini, usiguse swichi nyingine, usiwashe taa za ndani, usitumie simu ndani ya gari. Fungua milango kwa mkono, toa watu wote, wapeleke upande upepo unatoka, mbali. Kama unaweza kufika kwa mtungi kutoka nje, ufunge. Alafu acha gari wazi ikae, na usikimbilie kuiwasha kwa sababu harufu imepungua, chini ya kitanda inaweza kuwa bado imejaa. Kutafuta inapovuja tumia maji ya sabuni yenye povu nzito, paka kwa kila nati, povu likifura hapo ndipo. Kiberiti usikitoe mfukoni.

Na ikishika moto, kizima moto cha unga kiko mlangoni, sio nyuma ya jiko ambapo moto utakuwa. Lakini kama ni gesi inayotoka ndio inawaka, kazi ya kwanza ni kufunga mtungi. Ukizima mwali na gesi bado inatoka, inajaa kimyakimya na kulipuka baadaye. Kama huwezi kuufikia mtungi, achana na gari, kimbiza watu, piga 999 au 112 ukiwa mbali.

Nunua vitambuzi viwili, sio kimoja. Cha gesi kinafungwa chini karibu na sakafu. Cha hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, kinafungwa juu zaidi, usawa wa pua yako ukiwa umelala au kama maelezo yake yanavyosema. Hivi ni vitu tofauti na kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, inashika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, kwa hivo mtu anadhani ni malaria au ni uchovu wa safari. Kama watu wawili au watatu kwa gari wanaumwa kichwa pamoja na wakishuka wanapata nafuu, hiyo sio malaria. Na dereva akiwa ndiye anasinzia kwa hiyo hewa, hakuna haja ya kuelezea.

Kwa hilohilo, ile hita ya gesi ya kuoga inayochemsha maji papo hapo isifungwe ndani ya gari hata kidogo, itundike nje ukifika. Jiko la makaa nalo, najua Kinangop usiku ni baridi ya kuuma, lisiingie ndani hata likiwa limebaki jivu jekundu tu. Ongeza blanketi.

Kama huna kampa na unachofanya ni kupeleka mtungi kwa gari ya kawaida kutoka dukani, sheria ni zilezile kwa ufupi: wima, umebanwa usianguke, kifuniko cha valvu kiko, dirisha wazi, hakuna sigara, na nenda nyumbani moja kwa moja, usipitie supamaketi uuache kwa buti kwa jua masaa mawili.

Ukifika kambini usikimbilie chai. Fungua milango na madirisha kwanza, gari ipumue dakika kadhaa, hakikisha nobu zote za jiko zimefungwa, alafu fungua mtungi polepole. Paka povu kwa regulata na kwa nati ya nyuma ya friji, hasa kama mmetoka kwa murram. Povu likitulia, washa jiko. Na mtungi ukiisha katikati ya safari, ufunge valvu na uubebe wima na mkanda wake vilevile mpaka Nairobi, kwa sababu mtungi unaosemekana umeisha bado uko na gesi ndani, imebaki tu isiyotosha kusukuma mwali.